Mbona uso uliong'aa simuni unakuwa giza karatasini?

Huenda jambo hili limekupata hata wewe. Umewapiga watoto picha siku ya Krismasi, au kijana wako akiwa amevaa joho siku ya mahafali. Kwenye simu picha inang'aa na kila aliyeiona ameisifu. Unaipeleka mjini ichapwe, unalipa, unapewa bahasha. Unaifungua ukiwa ndani ya matatu na moyo unakufa. Joho limekuwa shimo jeusi, macho hayaonekani, na ukuta uliokuwa mweupe sasa una rangi ya majivu. Neno la kwanza linalokutoka ni kwamba umeibiwa: wino wao umeisha, mashine yao ni mbovu, au wamekutilia karatasi duni.

Nami nilisema hivyo hivyo. Shangazi yangu aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili alipofariki, mimi ndiye niliyepewa kazi ya picha. Binti yangu alikuwa amempiga moja nzuri sana jioni moja akiwa ameketi barazani, kitambaa cha buluu kichwani, akicheka. Jumanne usiku niliikagua nikiwa kitandani, taa imezimwa ili mama watoto apate usingizi, na simu nimeiongeza mwangaza hadi mwisho. Nikaridhika. Jumatano niliipeleka kwenye studio moja mjini nikaagiza picha kubwa ya kuwekwa kando ya jeneza, pamoja na vijitabu 200 vya ratiba ya mazishi vyenye picha hiyo hiyo kwenye jalada. Alhamisi jioni nikavichukua. Binti yangu aliitazama ile picha kubwa sebuleni kwa muda, kisha akasema, "Baba, huyu si Nyanya."

Tulikuwa tusafiri kwenda Kitui kesho yake mchana.

Ijumaa asubuhi nilifika studio kabla hawajamaliza kufagia, na maneno niliyokuwa nimeyaandaa njiani hayafai kuandikwa katika ukurasa wa familia. Kijana aliyenihudumia hakubishana nami. Aliichukua ile picha akasema, "Mzee, hebu tutoke nayo hapa nje." Tulisimama kando ya barabara, akaigeuza kulielekea jua. Shangazi akatokea. Macho yake, pengo la jino, mikunjo ya kile kitambaa cha buluu, vyote vilikuwa pale. Tukarudi ndani, na Shangazi akazama tena gizani.

Kumbe wino ulikuwa umefanya kazi yake. Mwanga wa kuisomea ile picha ndio uliokuwa haba. Tangu siku hiyo nimelichunguza jambo hili kwa kiasi changu, na leo nakuletea niliyoyapata, maana karibu kila nyumba ina simu iliyojaa picha, na siku ya kutaka moja ichapwe haiko mbali.

Anza na hili: kiwambo cha simu ni taa. Kila sehemu ya picha unayoiona pale inatoa mwanga wake wenyewe na kuutuma moja kwa moja hadi jichoni mwako. Karatasi haina mwanga wa kutoa. Inangojea mwanga wa balbu au wa jua uiangukie, kisha inaurudisha ule ambao wino haukuumeza. Hata karatasi nyeupe kabisa ya picha hurudisha takriban asilimia 90 tu ya mwanga unaoiangukia, na huo ndio weupe wake wa mwisho. Mpiga chapa hawezi kuongeza weupe juu ya weupe wa karatasi.

Sasa tutie hesabu kidogo. Mwanga unaotoka kwenye kiwambo hupimwa kwa kipimo ambacho watengenezaji wa simu hukiita niti. Mwanga unaoangukia kitu, kama vile meza au karatasi, hupimwa kwa luksi. Sebule ya kawaida usiku, yenye balbu moja darini, huwa na luksi 100 hivi pale ulipoketi. Karatasi nyeupe ikiwekwa katika mwanga huo hurudisha takriban niti 29. Simu yako, ukiwa umeiongeza kiasi tu, inatoa niti 300. Maana yake ni kwamba weupe wa simu ni kama mara kumi ya weupe wa karatasi iliyo mkono wako wa pili. Sogea karibu na dirisha mchana, mahali penye luksi 1,000, na karatasi ile ile inapanda hadi niti 286, karibu sawa kabisa na simu. Toka nje jua likiwa utosini, ambapo luksi hufika 100,000, na karatasi inaiacha simu mbali. Ndiyo maana simu hiyo hiyo huioni vizuri ukiwa juani, hali picha ya karatasi inasomeka bila taabu. Kijana wa studio hakunipigia hesabu hizi, lakini alizijua.

Jicho nalo lina mchango wake. Jicho la binadamu huchukua kitu king'aacho zaidi mbele yake na kukifanya kuwa kipimo cha weupe, kisha mengine yote hulinganishwa nacho. Ukishika simu inayowaka mkono mmoja na picha iliyochapwa mkono wa pili, simu ndiyo inayokuwa nyeupe, na karatasi inaonekana kama mahali jua limekwisha tua. Sote huzilinganisha kwa namna hiyo. Zima simu, itie mfukoni, kaa na picha peke yake dakika chache, nawe utaiona ikiinuka polepole. Sisemi itafikia ile ya simu, ila utashangaa. Na ule mtindo wangu wa kukagua picha kitandani taa ikiwa imezimwa ndio mbaya kupita yote, kwa sababu gizani hata picha iliyopigwa vibaya huonekana kama imetoka mbinguni.

Watu wa umri wangu huuliza: mbona zamani tulipokuwa tukipeleka mikanda ya filamu kusafishwa hatukulalamika? Jibu ni kwamba zamani hukuwa na cha kulinganisha. Ulipiga picha zako 36, ukangoja siku kadhaa, na mara ya kwanza kuiona picha ilikuwa juu ya karatasi. Kama ilikuwa na giza, ulisema jua lilikuwa limekwisha siku ile. Siku hizi picha huonekana kwanza kwenye taa ndipo ije karatasini, na taa zenyewe zimezidi kuwa kali. Mwaka 1996, kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilipopendekeza utaratibu wa rangi ambao tarakilishi na mashine nyingi za kuchapa zinaufuata hadi leo, unaojulikana kama sRGB, kiwambo cha kupimia kilikadiriwa kutoa niti 80 tu. Leo simu nyingi hupita 500 zikitakiwa, na zile za bei ya juu hupita 1,000. Tena baadhi ya simu mpya zinakuwa na ujanja wa kuongeza mwangaza wa sehemu zing'aazo pale tu unapofungua picha. Picha inakaribishwa kwa vifijo ambavyo karatasi haiwezi kuvitoa.

Kuna jambo la rangi pia, nami nitalipitia haraka. Kiwambo huunda rangi kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, na kadiri unavyoongeza ndivyo unavyoukaribia weupe. Wino hufanya kinyume: kila tone unaloongeza linameza mwanga zaidi, na mwisho wa safari ni weusi. Kwa hiyo rangi kali kama buluu ya kitenge, kijani cha majani machanga au machungwa ya sare za shule fulani fulani, hutoka zimepoa. Hilo si kosa la mtu, na hakuna fundi wa kukurudishia yote.

Karatasi zenyewe hazilingani. Kwenye karatasi nzuri ya picha yenye kung'aa, sehemu nyeupe huweza kurudisha mwanga mara 100 au zaidi ya ule unaorudishwa na sehemu nyeusi. Kwenye karatasi isiyong'aa tofauti hiyo hupungua, na kwenye karatasi ya gazeti hubaki mara 10 hivi. Litazame gazeti hili ulilolishika. Karatasi yake ina ujivujivu tangu mwanzo, na inanyonya wino kama kitambaa. Picha za gazeti hufanywa kwa nukta ndogo ndogo, na nukta iliyokusudiwa kufunika nusu ya eneo lake hutanuka hadi kuonekana kama imefunika robo tatu. Wahariri wa picha wanalijua hilo, hivyo huifungua picha kwa makusudi kabla ya kuipeleka mtamboni, hadi ionekane imepauka kiwamboni. Mtu wa nje akiiona wakati huo atadhani wameiharibu.

Hapa ndipo jambo hili linapotuuma sisi zaidi. Ngozi nyeupe ya Mzungu hurudisha takriban thuluthi moja ya mwanga unaoiangukia. Ngozi nyeusi kama ya Shangazi huweza kurudisha chini ya sehemu moja ya kumi. Picha inapopoteza mwanga, Mzungu hugeuka kuwa mtu aliyekaa kivulini lakini pua na macho yake bado yapo. Uso wetu huwa umeanzia chini, karibu na sakafu ya wino, mahali ambapo tofauti kati ya shavu na kivuli cha jicho ni ndogo tayari. Ukiibana kidogo tu, uso unakuwa kitu kimoja. Meno yanabaki, na weupe wa macho, basi. Binti yangu hakukosea aliposema yule si Nyanya. Alama alizomjulia zilikuwa zimefutika.

Na tusidhani kwamba mitambo ilitengenezwa ikitufikiria. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikizipelekea maabara za picha kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni hiyo aliyepigwa picha za mwanzo. Fundi alirekebisha mashine yake hadi ngozi ya Shirley ikatoka sawasawa, kisha picha za wateja wote zikafuata njia hiyo. Ni katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Fikiria ni arusi ngapi na ubatizo mwingapi uliopita katikati hapo! Kamera za simu za leo zimejitahidi kuliko filamu za wakati ule, lakini kamera ikiachiwa kujiamulia bado huweza kuvutwa na shati jeupe au dirisha lililo nyuma yako, ikakuacha wewe gizani.

Ufanye nini basi? La kwanza ni kukishusha kiwambo hadi kikaribiane na karatasi. Zima ule mpango wa simu kujiongezea na kujipunguzia mwangaza wenyewe, na ule wa usiku unaotia umanjano. Fungua ukurasa mtupu mweupe kwenye simu au kipakatalishi, uweke kando yake karatasi nyeupe ya kuandikia, katika mwanga ule ambamo picha itakuwa ikitazamwa. Punguza mwangaza wa kiwambo hadi weupe wa pande zote mbili ukaribiane. Utaona umeshuka sana, pengine chini ya nusu. Wanaochapa picha kama kazi huviweka viwambo vyao kati ya niti 80 na 120, na simu yako kwa kawaida iko juu zaidi ya hapo. Sasa ifungue picha yako. Kama inaonekana ya giza, ndivyo itakavyotoka.

Ukishaiona hali yake ya kweli, irekebishe, ila usikimbilie kitufe cha kuongeza mwangaza wa picha nzima. Hicho huinua kila kitu pamoja, na mawingu na shati jeupe vinageuka kuwa karatasi tupu. Programu nyingi za simu zina kitufe cha vivuli na kingine cha rangi za kati. Anza na hivyo, polepole, ukiutazama uso na kuyasahau mengine. Uso ukisomeka vizuri kwenye kiwambo ulichokishusha, umefika.

Mpelekee mchapaji picha yenyewe kama ilivyotoka kwenye kamera. Ile iliyozunguka katika makundi ya WhatsApp ya ukoo imekwisha kubanwa njiani na kupoteza mengi. Kisha muulize kama mashine yake inarekebisha picha yenyewe, ili msije mkaongeza mwanga mara mbili, wewe na yeye. Na kabla ya kuagiza picha kubwa au vijitabu mia mbili, omba kipande cha majaribio: picha ndogo ile ile mara tatu katika karatasi moja, moja kama ilivyo, ya pili imefunguliwa kidogo, ya tatu zaidi. Gharama yake ni ya picha moja ndogo. Mimi ningeilipa Jumatano, ningeokoa Ijumaa nzima.

Hicho kipande usikihukumie dukani. Maduka mengi ya picha yana taa kali, na hata kiwango cha kimataifa cha kukagua machapisho, ISO 3664, kinataka luksi 500 kwa ukaguzi wa kawaida na 2,000 kwa ule wa makini. Sebule yako haina hata robo ya 500. Kipeleke kipande hicho mahali picha itakapokaa, usiku, na balbu ile ile, ndipo uchague. Kama itatiwa katika fremu, kumbuka kioo cha kawaida hurudisha asilimia 8 hivi ya mwanga kabla haujaifikia picha, kwa hiyo chagua iliyo wazi zaidi kidogo.

Kijana yule wa studio alinichapia picha ya pili ya Shangazi Ijumaa ile, akiwa ameufungua uso na kuiacha buluu ya kitambaa ilivyo. Hakunitoza bei nzima, ingawa kosa lilikuwa langu. Vijitabu sikuweza kuvirudia, pesa na saa havikuruhusu, na njia nzima nilikuwa nikiona haya kwa ajili yavyo. Usiku tuliiweka ile picha kubwa sebuleni kwake, chini ya balbu moja, na majirani waliokuja kukesha walimwona akicheka. Kesho yake saa sita mchana, chini ya hema, watu 200 walivifungua vile vijitabu vya giza, na kwa mwanga uliokuwepo pale hakuna aliyeona kasoro yoyote. Ile picha kubwa, tulipoitoa nje kando ya kaburi, ndiyo iliyoonekana imepauka kidogo.

Leo picha hiyo ya pili iko ukutani, sebuleni kwetu. Ile ya kwanza binti yangu aliiomba. Ameitundika chumbani kwake kando ya dirisha, mahali mwanga unapoingia vizuri lakini jua lenyewe haliigongi likaichuja rangi. Asubuhi, anasema, Nyanya yuko pale wote.